Utosi wa mtoto ukituna: maneno niliyowaambia kina mama Kisauni

Haya ni mazungumzo nilotoa Jumamosi alasiri kwenye baraza la kina mama hapa Kisauni, Mombasa. Wengi mlinitumia meseji mvua imewazuia, wengine tuktuk zilipandisha nauli, basi nimeketi nimeyaandika yote vile nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha, manake hata pale penyewe stima ilipotea kabla hatujafika ya pili.

Assalaam alaykum warahmatullah. Hamjambo kina mama? Hamjambo kina nyanya? Na nyinyi kina baba wawili mlojificha kule karibu na mlango, hamjambo, sogeeni, hapa haling'atwi mtu.

Mimi mwanijua. Nimefanya kazi ya unesi miaka 31, nimestaafu, sasa kazi yangu ni wajukuu na maneno. Leo sikuja na mambo mengi. Nimekuja na kitu kimoja kidogo, upana wake vidole viwili hivi, kiko juu ya kichwa cha kila mtoto mchanga alioko humu ndani. Utosi.

Nauliza. Nani hapa ashawahi kuweka kiganja juu ya utosi wa mwanawe? Mikono juu. Wote, mashallah. Shusheni. Sasa, nani ashawahi kuweka kiganja akijua anatafuta nini? Eeh. Mumeona mikono ilivyopungua?

Twapaka mafuta pale, twapaka wanja, twambusu mtoto papo hapo, lakini hatupajui. Ndio niliposema leo tupajue.

Kichwa cha mtoto anapozaliwa si mfupa mmoja kama sufuria. Ni vipande, na kati ya vipande pana nafasi, manake kichwa lazima kibanike kidogo kipite njiani, halafu ubongo ule unakua mbio mbio mwaka wa kwanza, wataka nafasi. Kuna utosi mdogo wa nyuma, ule hufunga mapema, miezi miwili hivi umeshakwisha. Ule mkubwa wa mbele ndio huu wetu, watoto wengi hufunga kati ya mwaka na mwaka na nusu, wengine mapema kidogo, wengine wakachelewa, wala usilinganishe wako na wa shoga yako. Pale juu hapana mfupa, pana ngozi na utando mgumu tu, na chini yake ubongo na maji yanayouzunguka. Kwa hivyo mambo yakibadilika ndani ya kichwa, sisi watu wazima hatuna pa kuonekana, tunabaki kuumwa na kichwa na kutapika. Mtoto mchanga hajui kusema kichwa chaniuma. Utosi ndio humsemea.

Na utosi wa mtoto mzima ukoje? Uko bapa, au umeingia ndani kidooogo, ukiugusa ni laini, na waweza kuuona unapwita, dum dum dum, na moyo. Kupwita si ugonjwa. Nimeona mama amekuja analia kwa sababu utosi wapwita, nikamwambia mamangu, usipopwita kabisa ndio tungeulizana.

Sasa sikizani hapa, hapa ndipo penye kazi. Mtoto akilia, utosi huinuka. Akitapika, huinuka. Ukimlaza chali, waweza kuinuka. Hiyo yote si kitu, ikitulia. Kwa hivyo kabla hujasema utosi umetuna, fanya mambo mawili: mtulize, halafu muweke wima. Mtulize, muweke wima. Mpakate mnyonyeshe, akinyamaza muinue kifuani kwako kama wataka acheue, hapo sasa weka kiganja taratibu. Ukikuta bado umejaa, umeinuka juu ya mifupa, mgumu kama mpira ulotiwa upepo, hapo ndipo pana neno. Tena hospitali, siku hiyo hiyo. Si kesho. Si baada ya arobaini kwisha.

Ntawapa kisa, na kisa chenyewe ni changu, na sikipendi.

Nlikuwa nesi mchanga, mwaka wangu wa pili kazini, kliniki moja hapa mjini sitaitaja. Akaja mama na mtoto wa wiki saba. Akasema mtoto hanyonyi vizuri tangu jana, analala sana, akiamka alia sauti nyembamba kama ya paka. Nikapima joto, hana homa. Nikashika utosi, umeinuka. Lakini mtoto alikuwa analia wakati ule, nami nlikuwa nimesoma, si nimesoma, kwamba mtoto akilia utosi huinuka! Nikamwambia mama, ni kilio tu, nenda nyumbani umnyonyeshe, akizidi rudi. Foleni ilikuwa ndefu mpaka nje.

Sikumngoja anyamaze. Dakika kumi tu zingetosha, angenyonya hata kidogo pale kwenye benchi, ningemuinua, ningeshika tena. Sikungoja.

Akarudi kesho yake asubuhi na mtoto ana degedege. Homa ya uti wa mgongo, yaani wadudu wameingia kwenye utando unaofunika ubongo na uti. Mtoto alipona alhamdulillah, alitibiwa wiki tatu, lakini masikio yakaenda. Leo ni mtu mzima, hasikii. Mamake hajanilaumu hata siku moja, na nadhani ndio sababu naumia zaidi.

Sasa angalieni mtego uliokuwa pale, mwauona? Nilijua kanuni nusu. Nusu ya kwanza, kilio huinua utosi. Nusu ya pili, basi ngoja kilio kiishe halafu uangalie tena. Na kitu chengine, mama alikuwa ameshaniambia jibu kwa mdomo wake: hanyonyi, analala sana, sauti imebadilika. Yule mama alikuwa na habari zote mkononi. Mimi nikashika utosi nikaacha kusikiliza.

Kwa hivyo na nyinyi msifanye utosi kuwa ndio kila kitu. Homa ya uti wa mgongo kwa mtoto wa miezi miwili mitatu haiji na shingo ngumu kama kwa mtu mzima, mara nyingi shingo iko laini tu. Yaja kimya. Hanyonyi, au ananyonya mara mbili analegea. Analia ukimbeba badala ya kunyamaza. Amelegea kama kitambaa. Anapumua mbio, mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Ana joto, 37.5 kwenye kwapa au zaidi, au kinyume chake, amepoa, chini ya 35.5. Huko kupoa watu hawakujui, wanaona mtoto ni baridi wanamfunika tu blanketi. Mtoto mchanga aliepoa vile na hanyonyi ni mgonjwa sana. Na utosi wake waweza kuwa bapa kabisa! Kutuna mara nyingi huja nyuma, ugonjwa ushakwenda mbali. Kwa hivyo mtoto wa chini ya miezi mitatu akiwa na homa, usishike utosi ukasema ah uko bapa, nimpe panadol tulale. La. Nenda.

Mwauliza, tukienda tukiambiwa si kitu? Basi mumerudi nyumbani na roho safi. Kuna mama mmoja alivuka feri kutoka Likoni saa sita za usiku, mtoto analia, utosi juu, yeye mwenyewe yuwatetemeka. Alipofika, mtoto kishachoka kulia, kanyonya, kashikwa wima, utosi umerudi bapa, anacheka na taa. Nesi mmoja akamwambia, mama umetusumbua bure. Nilimvuta yule nesi kando, maneno nilomwambia hayasemeki mbele ya kina nyanya. Mama yule alifanya sawa. Angefanya hivyo hivyo mara mia angekuwa sawa mara mia.

Haya. Sasa lile jambo ambalo najua ndilo limewaleta wengine. Sindano ya mgongo.

Naona mwatazamana. Nyanya pale ashakunja uso, nakuona mamangu.

Daktari akishuku homa ya uti wa mgongo atataka kutoa maji kidogo mgongoni. Na hapo ndipo vita huanza. Baba anapigiwa simu, mavyaa anapigiwa simu, mjomba alioko Saudia anapigiwa simu, wote wanasema wasimdunge, atapooza, fulani mwanawe alidungwa akafa.

Nlikuwa zamu siku moja, mama msichana, mtoto ana mwezi mmoja, utosi umetuna hata huhitaji kugusa, waonekana kutoka mlangoni. Mavyaa wake akasimama kati ya kitanda na daktari, mwanamke wa heshima zake, buibui, tasbihi mkononi, akasema mjukuu wangu hadungwi uti. Daktari kijana akaanza kusema kwa sauti ya juu, nikaona hapa hapatoki kitu. Nikamshika yule mama mkono nikamwambia mamangu, njoo. Nikamgeuza mgongo nikamuwekea kidole kiunoni, chini, usawa wa mifupa ya nyonga. Nikamwambia, sindano yaingia hapa. Uti wenyewe, ule unaohofia, umeishia juu ya hapa. Hapa chini pana nyuzi za neva zinaelea ndani ya maji, sindano ikipita zasogea, kama vile ukitia kidole kwenye tambi zilizo majini. Akanitizama. Nikamwambia, na kinachotolewa ni matone, mwili wake utatengeneza mengine leo leo.

Akaniuliza swali zuri sana, nawapeni kama lilivyo: mbona watoto wanaodungwa hufa? Nikamwambia, mamangu, kwa sababu wanaodungwa ni walo mahututi, na wengine walicheleweshwa siku tatu nyumbani na sisi tukibishana. Akifa, haulaumiwi ugonjwa, husingiziwa sindano, manake sindano ndio ya mwisho kuonekana.

Alinyamaza kitambo. Akasema, mdungeni, na mimi nikae hapa nimsomee. Akakaa, akasoma. Maji yalipotoka, mwajua yanatakiwa yawe kama maji ya chupa, angavu kabisa. Yake yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Hapo hata mavyaa hakuhitaji kuelezwa na mtu.

Mwanifahamu? Yale maji ndio humwambia daktari ni mdudu gani na dawa gani imuue, na atibiwe kwa muda gani, wiki mbili au tatu. Na wakati mwengine daktari mwenyewe ataahirisha sindano, akiona mtoto hali mbaya sana, hapumui vizuri au kichwa kina msukumo wa hatari, ataanza antibayotiki kwanza. Hiyo pia ni sawa, dawa haingojei. Pengine atampiga picha kwanza, ile ile ultrasaundi mlopigwa mkiwa na mimba, kifaa chawekwa juu ya utosi, ubongo waonekana. Utosi ukishafunga picha hiyo haipatikani tena hivyo. Ni dirisha kwa muda mfupi tu.

Nataka niseme neno juu ya kusoma na dawa za nyumbani, msije mkatoka hapa mkasema nesi amekataza Qurani. Sijakataza. Mimi mwenyewe wajukuu zangu nawasomea Falaq na Nas kila jioni. Jicho lipo. Lakini someni mkiwa ndani ya tuktuk, tuktuk ikienda. Ninachokataza ni kuchanja utosi kwa wembe, kuukanda ili urudi chini, kuubandika dawa ya majani ukingoje siku saba. Ulichokiona kimetuna hakiko pale kwenye ngozi, kiko chini yake, hata ukandike nini juu hakifiki. Utachomfikishia ni tetanasi tu, au usaha mwengine juu ya ule ulioko.

Sio kila utosi uliotuna ni homa lakini, na hapa naomba walozaa nyumbani wanisikize, silaumu mtu.

Mtoto wa wiki tano. Kazaliwa nyumbani, mkunga mzuri, mikono safi, kila kitu salama. Ananyonya maziwa ya mama peke yake, kama tunavyowaambia. Siku moja kitovu kikatoa damu kidogo, wakafuta. Kesho yake ufizi. Siku ya tatu mtoto kawa mweupe midomo, halii, utosi umetuna. Hana homa hata kidogo. Damu ilikuwa imemwagika ndani ya kichwa. Hakuanguka, hakupigwa. Alikosa vitamini K, ile inayofanya damu igande. Mtoto huzaliwa nayo kidogo mno, na maziwa ya mama pamoja na uzuri wake wote, vitamini hii yamo kidogo sana. Ndio maana mtoto akizaliwa hospitali hudungwa pajani sindano moja, mwaiona, mwadhani ni chanjo. Sio chanjo, ndio hiyo. Sindano moja. Kwa hivyo ukizaa nyumbani, au njiani, au kwenye matatu pale Mwembe Tayari, yametokea, mpeleke mtoto siku hiyo hiyo uitaje kwa jina: vitamini K, amepata? Na dawa si kuacha kunyonyesha, msinifahamu vibaya, nyonyesha, na sindano apate.

Damu pia huingia kichwani kwa kutikiswa. Mtoto analia usiku kucha, mtu kachoka, anamshika mabega anamtikisa kwa hasira, vishipa vya ndani vyakatika. Kina baba kule mlangoni mwanisikia. Ukiona mkono wako umeanza kuwa mzito, mlaze mtoto kitandani, toka nje, pumua, mwite jirani. Kulia hakumuui.

Halafu kuna kichwa maji, yale maji ya kichwani yanazidi kwa sababu njia imeziba. Huu hauji mbio. Waja pole pole na ndio maana watu humzoea. Kichwa chakua, mishipa ya kichwani yaonekana, utosi umejaa kila siku, macho yanatizama chini kama jua linapozama upande wa Kilindini, lakini wewe waliona jua hilo kila siku huoni limezama. Mgeni akija kutoka Lamu ndio huuliza, mbona kichwa hichi? Dawa ya mazoea ni futi ya fundi cherehani. Mtoto mzima akizaliwa kwa miezi yake kichwa huwa sentimita 35 hivi, mwezi huongeza kama 2 kwa miezi mitatu ya kwanza, halafu mwendo wapungua. Kile kitabu cha kliniki si cha chanjo tu. Mwambie nesi, nipimie kichwa, uandike. Akikwambia ana haraka, mwambie umetumwa na mimi.

Na kichwa maji kinatibika. Huwekwa mpira mwembamba chini ya ngozi, maji yateremke tumboni, au hufunguliwa njia ndani kwa ndani. Majirani zetu Uganda, kule Mbale, daktari Benjamin Warf ndiko alikoendeleza upasuaji wa kufungua njia kwa watoto wachanga, miaka ya 2000, na wakaona kitu ambacho mimi kilinitoa usingizi: watoto wengi wa kule kichwa maji kiliwapata baada ya maambukizi ya uchangani. Yaani ile homa ya uti tulosema mwanzo, mtoto akapona nusu, baadaye ndio kichwa kikaanza kukua. Mwaona yanavyoshikana?

Vitamini A kwa haraka, manake naona chai yatoka. Ile kapsuli hutolewa mtoto akifika miezi sita, na wako watoto ambao baada yake utosi huinuka siku moja mbili halafu warudi wenyewe. Usiogope, lakini aonwe. Kisichotakiwa ni nyinyi kumnywesha wa miezi miwili vijiko vya mafuta ya maini ya samaki ati apate nguvu, vitamini A ikizidi huongeza msukumo kichwani. Na utosi uloingia ndani kama kikombe ni jambo jengine, huyo kaishiwa maji, anaharisha au hanyonyi, na yeye pia ni wa leo.

Chanjo. Wiki ya 6, ya 10, ya 14. Kinga ya Hib tuliipata Kenya mwaka wa 2001, ya nimokokasi 2011, hao ni wadudu wawili wakubwa wa homa ya uti kwa watoto. Sisi tulofanya kazi kabla ya 2001 twajua wodi ilivyokuwa. Manesi wa sasa nikiwahadithia huona naongeza chumvi.

Haya, stima haijarudi, tufanye kwa mikono. Walokuja na watoto wachanga, muwainue kifuani. Taratibu. Kiganja juu ya utosi, usibonyeze, weka tu kama waweka mkono juu ya unga ulotulia. Wahisi? Huo ndio wake akiwa mzima, kesho kutwa ukibadilika utaujua kwa sababu leo umeuhisi. Kina baba, na nyinyi, mikono mwanayo. Mavyaa, mwachie mkweo kwanza aushike yeye, utaushika baadae.

Wewe mwenye leso ya kijani, wako analia. Usishike sasa hivi. Mnyonyeshe kwanza, mi nitakungoja.